Kanda Iliyorudishwa Mwanzo

Maiti ya Delmar Tibbs ilikuwa imelala kifudifudi kati ya rafu ya kumi na nne na ya kumi na tano. Mikononi alikuwa bado amevaa glavu nyeupe za pamba. Miwani yake ilikuwa mfukoni, imekunjwa vizuri, kana kwamba aliivua mwenyewe ili azungumze na mtu.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi, katika stoo ya kanda ya kampuni ya muziki ya Bellwick, kusini mwa Louisville.

Inspekta Angelika Muhoza alichuchumaa kando ya maiti bila kuigusa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa milima ya Kivu Kusini, aliyekulia kambini na kumalizia shule Louisville. Mtaani Beechmont, Wakongo walimwita Mama Polisi, hata wale waliomzidi umri.

"Amekufa lini?" aliuliza.

"Jana. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni," alijibu daktari wa maiti. "Kisogo kimegonga pembe ya rafu. Pembe ni ya chuma."

"Aliteleza?"

"Angeteleza, tungemkuta chali. Huyu alianguka chali, kisha mtu akamgeuza. Damu inaonyesha."

"Alikufa papo hapo?"

Daktari alitikisa kichwa. "Aliishi nusu saa, pengine zaidi. Mtu angepiga simu tu, mzee huyu angekuwa hospitali sasa hivi."

Muhoza alisimama. Tibbs alikuwa na miaka sabini na mmoja, na alikuwa ametunza stoo hiyo miaka arobaini na minne. Hakuwa na ugomvi na mtu. Mkoba wake ulikuwa mezani, na saa yake ilikuwa mkononi.

Msimamizi wa stoo, Bi Ashby, alisema kanda zimehesabiwa mara mbili na hakuna hata moja iliyopotea. Alisema hivyo kwa haraka, kama mtu anayejitetea. Muhoza alimwelewa. Kampuni ya Bellwick ilianzishwa mwaka 1951 na ndugu wawili waliokuwa wakikodisha mashine za muziki kwenye baa. Baadaye wakaanza kununua studio ndogo zilizofilisika, na kila waliponunua hawakutaka jengo wala waimbaji. Walitaka kanda mama, ile rekodi ya kwanza ambayo nakala zote hutoka kwayo. Mwenye kanda mama ndiye mwenye wimbo, leo na kesho. Juu ya mlango wa stoo ndugu mmoja alikuwa ameandikisha maneno haya: Waimbaji hupita, kanda hubaki.

Mwaka huu kampuni ilikuwa inatimiza miaka sabini na mitano, na sherehe ilikuwa inaandaliwa. Maiti ndani ya stoo ilikuwa habari mbaya.

"Mlango unafunguliwaje?" Muhoza aliuliza.

"Kwa namba. Kompyuta inaandika namba na saa."

"Jana?"

Bi Ashby alimpa karatasi. Baada ya chakula cha mchana mlango ulifunguliwa mara moja tu kutoka nje, saa tisa na dakika arobaini. Namba ilikuwa 0101.

"Ya nani hii?"

"Balagizi. Mpakia mizigo wetu. Kila mfanyakazi tulimpa mwezi na siku aliyozaliwa, ili asisahau namba yake."

Muhoza aliitazama karatasi kwa muda. Kwenye leseni yake mwenyewe ya kuendesha gari iliandikwa kwamba amezaliwa tarehe moja Januari. Ya baba yake iliandikwa hivyo hivyo, na ya shangazi zake wawili pia. Kambini, mtu asiyejua siku yake aliandikiwa tarehe moja Januari na karani akaita anayefuata kwenye foleni.

Akauliza kama namba za Louisville zinafungua pia milango ya miji mingine. Bi Ashby akasema mfumo ni mmoja. Kampuni ilikuwa na nyumba tatu: stoo hii, studio ya Columbus, ambako kanda za zamani zilihamishiwa kwenye kompyuta, na kiwanda cha santuri kule Lackawanna, karibu na Buffalo.

"Nataka orodha ya wote wenye namba hii, miji yote mitatu," Muhoza alisema.

Lakini orodha ilihitaji sahihi ya makao makuu, na luteni wake hakutaka kungoja. Saa sita mchana alimwamuru amkamate Balagizi. Muhoza ndiye aliyemfunga pingu, mbele ya wapakiaji wenzake, kati ya maboksi.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti viwili. Balagizi, mtu wa Bukavu mwenye miaka arobaini na saba, aliweka mikono mezani kama mwanafunzi anayengoja kuchapwa.

"Jana saa tisa na nusu mpaka saa kumi ulikuwa wapi, Papa Gloire?" Muhoza alimwita kwa jina la binti yake wa kwanza, kama mtaani.

"Ndani ya gari yangu, pale parkingi. Nilikuwa naongea ku simu na ndugu yangu mukubwa, iko Uvira."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Bon, Mungu."

"Mungu hatoi ushahidi kituoni."

"Basi na mimi sina mwingine."

"Namba 0101 ni yako?"

"Ni yangu, sikatae. Lakini mule ndani siingiake kama Muzee Tibbs haiko. Yeye ndiye alinionyesha kazi. Donc nimuue juu ya nini?"

Balagizi akainama, akasema kwa sauti ndogo kwamba Ijumaa ijayo, saa tatu asubuhi, alikuwa aende kuapa awe raia wa nchi hii. Karatasi ya kuitwa ilikuwa nyumbani, juu ya friji. Alikuwa amengoja kambini miaka kumi na moja, na hapa miaka sita. Mtu mwenye kesi ya mauaji haapishwi. Akipatikana na hatia, atafungwa, kisha atarudishwa kule alikokimbia.

Nje ya chumba, mke wake, Bulonza, alikuwa amesimama akiwa bado na sare ya kazi ya kutunza wazee. Hakusalimia.

"Umemukamata Mushi," alisema, "kwa sababu kwenu milimani hakuna muuaji?"

"Mama Gloire, nimekamata namba iliyoandikwa."

"Namba haina shingo. Pingu umefunga mutu."

Balagizi alikuwa Mushi, kabila la Bukavu; Muhoza alikuwa Munyamulenge, wa milimani. Alijua kwamba kufikia jioni maneno hayo yangekuwa yamefika kila kanisa la Wakongo mjini. Alijua pia kwamba mama huyo hakukosea kabisa.

Jumamosi alirudi stoo peke yake. Kama hakuna kilichoibwa, mtu alikuja kufanya nini?

Alimwomba Bi Ashby amweleze jinsi kanda zinavyohifadhiwa. Msimamizi alimweleza kwa uchovu. Fundi akimaliza kucheza kanda, haizungushi kuirudisha mwanzo. Huiacha mwisho ukiwa nje, kwa sababu ikikaa hivyo miaka mingi sauti haiharibiki. Ncha ya mwisho hubandikwa karatasi nyekundu ya gundi. Atakayetaka kuisikiliza ndiye atakayeirudisha mwanzo kwanza. Kanda zote elfu tisa zilikaa hivyo. Tibbs hakuruhusu vinginevyo.

Muhoza alivaa glavu kutoka kwenye boksi la mlangoni, akaanza kufungua makasha ya rafu ya kumi na nne. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Alifungua makasha mia mbili na kumi, mpaka mabega yakamuuma.

Kasha la mia mbili na kumi na moja halikuwa na nyekundu. Kanda ilikuwa imezungushwa mpaka mwanzo, kwa mkono mwangalifu, na kurudishwa mahali pake. Ile karatasi nyekundu aliikuta imebandikwa ubavuni mwa mashine ya kuchezea.

Juu ya kasha paliandikwa: Kwaya ya kanisa, milima ya Kivu Kusini, Zaire, 1984. Imenunuliwa kutoka studio ya Buffalo, 1996.

Alisimama pale na kanda mkononi. Alikumbuka kambini, mama yake akizungusha kaseti kwa kalamu ya Bic, taratibu, akiwa amekaa kwenye jiwe. Kaseti ya kuazima hurudishwa ikiwa mwanzo. Anayeirudisha ikiwa katikati anamlazimisha mwenye kaseti kumaliza betri zake kuirudisha, na betri zilikuwa ghali kuliko unga. Mtoto aliyesahau alipigwa.

Alimpigia luteni, akamweleza.

"Kwa hiyo muuaji ana adabu?" luteni alicheka.

"Kwa hiyo muuaji ni wa kwetu. Na ana umri wa kutosha kukumbuka kaseti."

"Balagizi ana miaka arobaini na saba."

Muhoza alifunga simu. Alikuwa ameongeza kamba kwenye shingo ya mtu ambaye yeye mwenyewe alitaka kumfungua.

Jumapili orodha ilifika. Watu wenye namba 0101 walikuwa watatu: Balagizi wa Louisville, Rutebuka wa Columbus, na Nadine wa kiwanda cha Lackawanna.

Jina la Rutebuka alilijua. Kila Munyamulenge alilijua. Alikuwa mwalimu wa kwaya tangu kule milimani. Miaka miwili iliyopita Bellwick ilitoa upya wimbo wake, "Ng'ombe Wamerudi", kutoka kwenye kanda hiyo hiyo ya Buffalo. Kampuni moja ya magari ikauweka kwenye tangazo, na wimbo wa kwaya ya milimani ukasikika kila nyumba. Jina lake liliandikwa kwenye kava kama mtunzi. Katika sherehe ya miaka sabini na mitano alikuwa apandishwe jukwaani.

Maabara ilimpa Muhoza nakala ya kanda kwenye simu yake. Jumatatu alfajiri akashika barabara ya Columbus. Alifika baada ya mwendo wa saa tatu na nusu.

Mwalimu Rutebuka, mwenye miaka sitini na mmoja, alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa koti jeupe. Nyuma yake jiko dogo la umeme lilikuwa linaunguruma.

"Karibu, mtoto wa Muhoza. Nilimjua baba yako. Alikuwa anaimba vibaya sana."

"Bado anaimba, Mwalimu."

"Basi Mungu ni mvumilivu."

Walicheka wote wawili. Kisha Muhoza akatoa daftari, na kicheko cha mzee kikaisha kabla ya chake.

Rutebuka alieleza kwamba Alhamisi alikuwa kazini siku nzima. Kanda za miaka ile hulegea gundi, alisema, na ukizicheza hivyo hivyo zinabanduka kama ngozi ya nyoka. Lazima zikaushwe kwanza kwenye jiko, kwa joto dogo, saa tisa. Alhamisi aliweka kanda saa tano asubuhi, akazitoa saa mbili usiku. Mkuu wake alithibitisha: jioni hiyo zilitoka nzuri. Na simu yake ilionekana Columbus mchana wote.

"Hukutoka hata kidogo?"

"Kanda zikiwa jikoni hauwezi kuziacha. Ni kama mama na sufuria ya maharage."

"Namba yako inafungua mlango wa Louisville?"

"Sijui. Sijajaribu."

Muhoza alicheza wimbo kwenye simu. Sauti za wanawake zilijaa chumba kidogo: Ng'ombe wamerudi, wewe uko wapi. Mzee alifumba macho. Vidole vyake vilifuata mapigo kwenye goti.

"Ni wewe uliyeutunga, Mwalimu?"

"Jina langu liko kwenye kava."

Muhoza aliandika jibu hilo kama lilivyo.

Kisha mzee, bila kuulizwa, akasema kuna mtu Buffalo anayesumbua. Ni Nadine wa kiwandani, binti wa Nyirabeza, aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya hiyo. Alikuwa anaandikia stoo barua juu ya barua, akidai wimbo ni wa mama yake na kanda itolewe. Rutebuka alisema hapendi kumsema mtu vibaya, lakini mtu mwenye njaa ya kanda kiasi hicho angeweza kuifuata mwenyewe.

Walikaa saa moja na nusu. Muhoza alipokuwa akiaga, jiko lililia mlio mfupi na kuzima lenyewe. Rutebuka hakugeuka. Hakuwa amelitazama hata mara moja.

Jumanne alikuwa Buffalo. Nadine aliishi mtaa wa Grant, juu ya duka lenye unga wa muhogo, dagaa na dirisha la kutuma pesa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alifungua mlango nusu.

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kiwanda kinasema uliomba ruhusa."

"Basi nilikuwa mugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Tumbo."

"Ulienda Louisville, Nadine?"

"Louisville sijafikaka."

"Umeandika barua nne kuomba kanda. Mtunza kanda ameuawa. Namba yako imefungua mlango. Na umenidanganya mara mbili nikiwa bado nimesimama. Nichukue pingu?"

Nadine alitazama nyuma, chumbani, kisha akatoka kwenye ngazi na kufunga mlango. Akanong'ona kwamba Alhamisi alikuwa kwenye mtihani wa kuendesha gari. Ulikuwa wa tatu. Ameanguka tena. Kanisani alikwishawaambia watu kwamba alipita tangu mwezi wa pili, na dada mmoja alikwishampa zawadi ya kitu cha kuning'iniza kwenye kioo cha gari. Karatasi ya mtihani ilikuwa kwenye sidiria. Aliitoa, ikiwa na saa na sahihi ya mtahini: saa nane na robo mchana, Buffalo. Kutoka hapo hadi Louisville ni mwendo wa saa nane.

"Usimwambie mama," alisema.

Ndani, Nyirabeza alikuwa amekaa karibu na dirisha, shali begani. Alikuwa na miaka sitini na minane. Muhoza alimwamkia kwa heshima, akakaa chini yake kwenye stuli, akacheza wimbo.

Mama mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na kutangaza kuko wapi?"

"Kutangaza gani, mama?"

"Mwanangu, umekulia kanisa gani? Kwaya inaweza kuimba bila kujitangaza? Unasema kwanza: Bwana asifiwe, sisi ni kwaya fulani, tunatoka fulani, wimbo umetungwa na fulani. Hata mbele ya muzungu na mashine yake tulijitangaza. Ile ilikuwa kwenye kanda. Muzungu alitusikilizisha, tukacheka sauti zetu."

"Nani alitangaza?"

"Mukabutera. Muke wa Mwalimu Rutebuka, Mungu amulaze. Alikuwa na sauti safi."

"Alisema mtunzi ni nani?"

Mama mzee alimtazama binti yake. Nadine akasema, "Mwambie, mama."

"Alisema Nyirabeza. Nilitunga nikichunga, nina miaka ishirini na sita. Mwalimu alitufundisha sauti tu." Alivuta shali. "Nilimpigia simu mara mbili, hakushika. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu, ni mwalimu wangu. Nikamwambia Nadine awaombe wale wa stoo jambo moja: wasikilize mwanzo. Kanda itasema yenyewe. Wimbo niliutoa kwa Mungu, lakini jina langu sikumpa mutu."

Muhoza alitoka nje akasimama kando ya gari lake. Aliipigia maabara, akawataka waangalie pale kanda inapoanza.

Simu ilirudi Jumatano asubuhi, akiwa njiani. Mwanzo wa kanda ulikuwa umekatwa kwa wembe, siku chache zilizopita, na kuunganishwa na utepe mweupe mpya. Mkato ulikuwa wa mshazari.

"Mshazari maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake ni fundi," mtaalamu alijibu. "Asiyejua hukata wima, na kiungo hulia ta kikipita. Huyu amezoea kukata kanda."

Balagizi hakuwahi kugusa wembe wa kanda. Nadine alikuwa akichapa santuri, si kukata kanda, na hata hivyo asingekata ushahidi wa mama yake. Alibaki mmoja. Mkono wa kazi ulikata kama fundi. Kisha, kwa hofu, mkono wa zamani ukairudisha kanda mwanzo kama kaseti ya jirani.

Alhamisi saa nne asubuhi Muhoza aligonga mlango wa Rutebuka. Alikuwa na askari wawili wa Columbus na kibali cha upekuzi. Mzee alisoma kibali chote, mstari kwa mstari, kisha akakaa kwenye kochi.

Walichotafuta kilikuwa chumbani kwake, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na kadi ya kambi ya marehemu mke wake. Kilikuwa kipande cha kanda, karibu mita nne, kimezungushwa kwenye kadibodi.

Muhoza alikiweka mezani kati yao.

"Ungeweza kukichoma, Mwalimu."

"Ni sauti yake," Rutebuka alisema. "Sina nyingine."

Alisomewa haki zake. Alisema hataki wakili, anataka kusema.

"Alhamisi iliyopita ulitoka kazini saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Jiko linajizima lenyewe. Simu niliiacha juu ya meza."

"Kwa nini ulienda?"

"Tibbs aliniita. Alikuwa anaandaa kanda ya sherehe, akakuta maneno mwanzoni, yale ambayo kwenye nakala ya kompyuta niliyaacha nje. Yeye hajui Kiswahili. Akasema, njoo unitafsirie, ni nzuri kwa sherehe. Nikajua ni maneno gani. Nilitaka kumwambia ni sala tu."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia. Akavua miwani, akanitazama. Akasema, mbona nasikia jina la Nyirabeza? Barua ya Nadine ilikuwa mezani. Jina halihitaji tafsiri. Akasema lazima apigie Buffalo. Akapita kati ya rafu kwenda kwenye simu, nikamvuta bega. Nilimvuta tu. Akaanguka."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa anapumua."

"Wewe ulifanya nini?"

Mzee alitazama mikono yake. "Nilimgeuza nisione uso. Nikavaa glavu. Nikakata. Nikarudisha kanda."

"Alikuwa anapumua wakati unakata?"

"Ndiyo."

Mmoja wa askari wa Columbus, asiyejua Kiswahili, aliacha kuandika na kumtazama Muhoza, akingoja tafsiri. Hakumpa.

"Kwa nini ulisema wimbo ni wako?"

"Watu wa kampuni walikuja wakauliza, nani alitunga? Nilifikiri Nyirabeza alikufa vitani. Wengi walikufa. Nikasema ni mimi, ili jina la mtu wetu liandikwe, lisiandikwe la muzungu. Mwaka uliofuata nikasikia yuko Buffalo."

"Hapo ungesema."

"Hapo ningesema." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kule mimi nilikuwa Mwalimu. Hapa miaka kumi nilibeba maboksi kabla ya kupewa kile kikoti cheupe. Watoto wangu nilikuwa nawasemesha, wananijibu Kiingereza bila kuinua macho. Siku tangazo lile lilipita kwenye televisheni, mwanangu alileta rafiki zake nyumbani. Akasema kwa Kiswahili, mbele yao, huyu ni baba yangu. Kwa Kiswahili, Angelika. Ningewaambiaje tena kwamba si mimi?"

Muhoza aligeuza ukurasa wa daftari.

"Balagizi unamjua?"

"Namjua. Alilala hapa wakati wa mkutano wa makwaya."

"Ulijua amekamatwa?"

"Nilijua Ijumaa ile ile."

"Ulijua kiapo chake ni kesho?"

Rutebuka alifumba macho. "Nilijua. Tai atakayovaa, ni mimi niliyemtumia."

Muhoza aliinuka, akamfunga pingu mwenyewe.

Balagizi aliachiwa jioni hiyo. Ijumaa saa tatu kasorobo asubuhi alikuwa kwenye jengo la mahakama, katika foleni ndefu ya watu waliovaa vizuri. Alikuwa ameacha shingo wazi, bila tai. Alishika fomu waliyopewa wote mlangoni, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alimwonyesha Muhoza mstari mmoja. Fomu iliuliza kama, tangu usaili wake wa uraia, mwombaji amewahi kukamatwa na polisi.

"Niandike nini?"

"Ukweli, Papa Gloire. Weka alama kwenye ndiyo. Chini yake andika jina langu na namba yangu."

"Wataniondoa kwenye foleni."

"Andika."

Alama yake ilikuwa ndogo sana, kama ya mtu anayeogopa kuumiza karatasi. Karani alisoma fomu, akasimama, akamwambia angoje pembeni. Watu waliokuwa nyuma yake wakampita. Bulonza, kwenye benchi, alishika mkono wa binti yake. Karani akainua simu ya mezani na kubonyeza namba.

Simu ya Muhoza ikalia, hatua nne kutoka hapo. Aliipokea huku akimtazama karani machoni.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi niliyemkamata. Alikuwa hana kosa. Mwenye kosa amekiri jana, karatasi zote ninazo hapa."

Karani alisoma karatasi zote. Alisoma taratibu, na ukumbini walikuwa wameanza kuambiwa wasimame.

Kisha akachukua mhuri.

"Kimbia," alimwambia Balagizi. "Kiti chochote."

Balagizi hakukimbia. Alitembea, mabega wima, akasimama nyuma kabisa ya safu ya mwisho, na mkono wake wa kulia ukainuka pamoja na mingine.